Barua ya wazi kwa Seneta William Gwin: ile ardhi ya Don Mariano

Mheshimiwa Seneta,

Najua ulizikwa 1885 na barua hii haitakufikia. Lakini sheria ya ardhi za California uliyoipigania mpaka ikapita Washington tarehe 3 Machi 1851 haikuzikwa nawe, ndiyo maana nakuandikia.

Nataka tuongee habari za mtu mmoja, Mariano Guadalupe Vallejo. Usiseme humkumbuki. Septemba 1849 mliketi ukumbi mmoja pale Monterey, wajumbe 48, mkiandika katiba ya California. Wewe ulikuwa mgeni wa miezi michache, umetoka Mississippi ulikoacha shamba na watumwa, umekuja kutafuta useneta. Yeye alizaliwa mji huohuo mwaka 1807, na wenzake waliokulia pale kwa Kihispania walihitaji mkalimani ili wafuate hotuba zenu.

Aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa Robert Semple. Je, uliwahi kumtazama Don Mariano alivyokuwa akimtazama Semple? Miaka mitatu nyuma, alfajiri ya 14 Juni 1846, California ikiwa bado ya Mexico, Semple alikuwa kati ya walowezi wa Kimarekani thelathini na kitu walioizingira nyumba ya Vallejo kule Sonoma, bunduki mkononi. Don Mariano, kamanda wa Mexico wa mpaka wa kaskazini ambaye hata askari hakuwa nao tena, alivaa sare yake, akafungua mlango, akawaingiza viongozi wao ndani na kuwawekea brandi mezani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mazungumzo yalirefuka, chupa zikapungua, waliokuwa nje wakachoka kusubiri, na mwisho wa siku mwenyeji akapelekwa mahabusu Sutter's Fort, ngome ya mlowezi John Sutter. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake waziwazi kwamba heri California iwe chini ya Marekani! Bendera ya Marekani ilipandishwa Sonoma tarehe 9 Julai, naye bado yuko ndani. Aliachiwa Agosti, malaria imemkausha, akakuta ng'ombe zaidi ya 1,000 na farasi 600 hawapo.

Wale watu walichora dubu kwenye bendera yao, dubu ambaye wengi walidhani ni nguruwe. Mlipojadili nembo ya jimbo, Vallejo aliomba dubu aondolewe, au basi achorwe akiwa amenaswa kwa kamba ya mchunga ng'ombe. Mkamkatalia. Mimi naona ile ndiyo hoja bora kuliko zote zilizotolewa ukumbini mle.

Sasa tuje kwenye sheria yako. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa saini 2 Februari 1848 kumaliza vita vya Marekani na Mexico, uliahidi kwamba mali za Wamexico katika nchi iliyotwaliwa zitaheshimiwa. Kifungu cha 10, kilichozitaja hati za ardhi zenyewe, Seneti ya Marekani ilikifuta kabla ya kuuridhia mkataba. Wewe ukaja kumalizia: kila mwenye ardhi aliyopewa na Hispania au Mexico aipeleke hati yake mbele ya makamishna watatu ndani ya miaka miwili, athibitishe kuwa ni yake. Asipofika, ardhi ni ya serikali. Akishinda, serikali inaweza kukata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Yaani mtu aliyekaa kwake ndiye anayeshtakiwa, na aliyekuja jana ndiye hakimu. Kesi ya ngedere kampelekea nyani.

Utanijibu kwamba hati nyingine zilikuwa za kughushi. Kweli, mfanyabiashara Mfaransa Limantour alidai karibu nusu ya San Francisco kwa makaratasi ya uongo. Utanijibu pia kwamba mipaka ilikuwa ya kubahatisha, na hapo nakubali: wapanda farasi wawili na kamba kati yao, wanapima kutoka mti hadi kijito, kisha ramani inachorwa kwa mkono. Ila kati ya madai 813, makamishna na mahakama walikubali 604. Wengi, basi, walikuwa wakweli, na kwa wastani iliwachukua miaka 17 kupata hati mpya. Katika miaka hiyo kodi ya ardhi haikusubiri, wavamizi walijijengea vibanda mashambani, na wakili alilipwa kwa ekari.

Soscol, moja ya ardhi zake, ndiyo iliyomvunja Don Mariano. Gavana Micheltorena, wa enzi za Mexico, alimpa ardhi ile kwa kubadilishana na mahitaji ya askari, serikali ikiwa haina hela. Makamishna walisema ni yake. Mahakama ya wilaya ikasema ni yake. Mwaka 1862 Mahakama ya Juu ikasema gavana hakuwa na mamlaka ya kuuza. Juu ya ardhi hiyo palikuwa pameshasimama miji miwili, mmoja kwa jina la ukoo wake na mwingine, Benicia, kwa jina la mkewe. Waliokuwa wamenunua viwanja kwake walitungiwa sheria maalumu mwaka uliofuata, wailipe serikali, wabaki.

Sitamfanya malaika. Ile nyumba yake kubwa ya matofali ya udongo kule Petaluma ilijengwa na wenyeji wa asili kwa mamia, wengine bila hiari yao, na ardhi yenyewe ilikuwa yao kabla ya misheni za mapadri wa Kihispania na kabla yake. Lakini hapo pia nakukuta wewe, Mheshimiwa. Mikataba 18 ambayo wenyeji hao wa asili walitiliana saini na serikali ilikataliwa na Seneti mwaka 1852 katika kikao cha siri, na maseneta wa California hamkuitetea.

Baadaye nasikia ulikwenda Mexico kuomba ruhusa ya kuleta walowezi jimbo la Sonora chini ya Maximilian, mfalme aliyewekwa na Wafaransa, mpango ukafa, ukarudi na kutiwa kizuizini bila kesi. Ningependa kujua kama mle ndani uliwahi kumkumbuka mfungwa wa Sutter's Fort.

Yeye alifariki Januari 1890 Sonoma, kwenye nyumba ya mbao chini ya kilima, karibu na chemchemi aliyoiita Lachryma Montis, chozi la mlima. Kati ya makumi ya maelfu ya ekari alikuwa amebaki na mia mbili na kitu. Maji ya chemchemi ile aliyapitisha kwenye mabomba hadi mjini, akiwauzia watu wa mji alioupima mwenyewe mwaka 1835.

Wako,
Msomaji wa hati za zamani