Waya feki za shaba zitatuunguzia nyumba

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi soketi ya jikoni kwangu iliyeyuka, fundi akafungua akakwangua waya kwa kisu, ile rangi nyekundu ikatoka, ndani mweupe pe, kumbe aluminiamu imepakwa shaba tu na mimi nililipia shaba tupu! Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, ikipata moto inatanuka zaidi, skrubu zinalegea, hapo ndo cheche zinaanzia. Sisemi aluminiamu mbaya, waya za nguzoni ni hizohizo na zinadumu, ila ndani ya nyumba wekeni shaba. Jamani kwangueni ncha ya waya palepale dukani kabla ya kulipa. Na wakaguzi wapite madukani, tunalala humo na watoto.

Msomaji, Tabata, Dar es Salaam