Mwanangu, boksi lako lililowa

Kilindoni, Mafia
Mwisho wa Septemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tukuyu, na shikamoo yangu mpe bibi kabla hujaendelea kusoma. Huku sisi wazima. Mdogo wako ameota jino la mbele, na baba yako amekonda kidogo kwa jua lakini anacheka kuliko nilivyomzoea.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nimeshindwa mara tatu. Kila nikitaka kuanza, ama wewe unanieleza mambo ya mtihani, ama salio linaisha, nami moyoni nashukuru limeisha. Leo nalisema hapa juu kabisa nisije nikalikimbia tena: lile boksi lako la michoro lililowa maji ya bahari.

Ulinikabidhi mwenyewe pale kituo cha mabasi, alfajiri, ukungu umeshika mpaka huoni upande wa pili wa barabara. Ukaniambia, "Mama, hili lisipande kwenye fuso." Nikakuahidi litakaa mapajani mwangu mpaka Mafia. Na lilikaa, baba. Makambako lilikuwa mapajani, Iringa, Mikumi, Morogoro, mpaka tukashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku mkubwa. Kesho yake tukavuka jiji hadi Mbagala Rangi Tatu, tukapanda basi la Nyamisati, bado ninalo. Mdogo wako ubavuni, na chini ya miguu kile kiroba chenye chipukizi la mgomba alilotupa bibi. Kondakta aliniuliza kama nimebeba kuku.

Tulipoiacha barabara kuu pale Bungu nikaanza kusikia harufu nisiyoijua. Kumbe ni tope la mikoko. Nyamisati iko ndani ya delta ya Rufiji, bahari yenyewe huioni. Unaona mfereji wa maji ya kahawia, na mikoko imesimama kwa mizizi yake kama watu waliokunja suruali. Baba yako alikuwa ametungojea pale tangu asubuhi. Kivuko kipo, abiria tupo, lakini tukaambiwa maji yamekupwa, tungoje yajae. Nilishangaa. Kwetu njia ikiharibika ni mvua, na ukiwa na subira utapita kwa miguu. Huku njia huondoka yote, kisha ikarudi kwa saa yake.

Tulipokuwa tunatoka katikati ya mikoko baba yako, unamjua, hakuweza kunyamaza. Akamwonyesha mdogo wako vijito vile akasema manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humuhumu kwenye delta wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakaleta na ndege za kuitafuta kutoka angani, na Julai mwaka huohuo ikawa mwisho wake. Nakuandikia hili ili ujue kwamba hata siku ile, akiwa amechoka vile, alikuwa anakuwaza wewe na mtihani wako. Alisema, "Angekuwepo huyu kijana angeniuliza maswali mpaka Kilindoni."

Basi tukatoka kwenye mikoko, tukaingia bahari wazi. Ilikuwa Julai, kusi limekaza. Sikuwahi kujua kwamba upepo una jina na msimu wake. Nilidhani upepo ni upepo. Kivuko kikaanza kupanda na kushuka. Mdogo wako akatapika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akawa hana cha kutoa, amelegea, ananiita mama kwa sauti ndogo. Mama mmoja wa huku akanipa ndimu iliyokatwa, akasema, "Mnusishe, na mwambie atazame mbali, asitazame maji." Nikamchukua kwa mikono miwili. Ndipo nilipoliweka boksi chini, kando ya mguu wangu. Sikuliweka mbali, mwanangu. Wimbi moja likagonga ubavuni, likaruka juu ya ukingo, na maji yakaja yakiteleza sakafuni kama mtu aliyemwaga ndoo. Niliponyanyua, kitako cha boksi kilikuwa kimelainika kama ugali.

Fuso lile ulilolihofia? Mizigo yake ilifika baada ya wiki moja, mikavu yote, hata godoro.

Jioni ile, kabla hatujafungua begi lolote, baba yako alitandika mkeka uani tukaanza kutenganisha karatasi. Bibi mmoja jirani, mtu mzima sana, alikuja kutukaribisha na sahani ya mihogo ya nazi, akatukuta tumepiga magoti. Akauliza ni nyaraka za serikali? Nikamwambia ni michoro ya mwanangu mkubwa. Akatukataza kuianika. "Maji ya chumvi hayakauki," alisema, "mtaianika leo, usiku itatoa jasho. Ioshe kwanza kwa maji baridi." Huku maji baridi maana yake maji yasiyo na chumvi, nimejifunza. Akaleta ndoo yake mwenyewe. Basi tukawa tunaizamisha moja moja kwenye beseni, taratibu, kama unavyomwogesha mtoto wa siku moja, kisha tunailaza juu ya kanga zangu. Tulimaliza kwa tochi ya simu.

Sasa nikwambie ukweli wa kilichobaki. Michoro ya penseli yote iko hai. Ng'ombe wa bibi yupo. Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto, lipo, mpaka yale majani uliyoyachora moja moja kwa siku mbili. Zile za rangi zimechuruzika, tatu zimegandana na sijathubutu kuzivuta. Nimekuachia uamue mwenyewe. Na ule wa marehemu babu yako ulikuwa umeuchora kwa kalamu ya wino. Kofia imebaki, bega limebaki. Uso umekuwa wingu la buluu.

Nisamehe, mwanangu. Niliahidi, na sikutimiza.

Na kwa kuwa nimeshaanza kuomba radhi, kuna jingine kubwa kuliko hilo. Tulihama bila kukuuliza. Wewe ulikuja kukuta tayari ng'ombe mmoja ameuzwa na kabati lina mteja. Ulinyamaza, ukasaidia kufunga mizigo, ukafunga vizuri kuliko sisi wote, na mimi nilijifanya kuamini kwamba umekubali. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utasema nini, nami nisingekuwa na jibu. Kidato cha Nne, mwaka wa mtihani, mama na mdogo wako wanaondoka Julai, wewe unabaki na bibi. Ningekuwa wewe ningekasirika hivyohivyo.

Lakini usikie na upande wangu. Baba yako alikaa huku peke yake miaka miwili. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, na kila akija nusu ya likizo inaishia njiani. Barua yangu ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza ilizunguka ofisini muda mrefu mpaka nikaacha kuifuatilia. Siku moja mdogo wako alikuwa anacheza na wenzake uani, nikamsikia anasema, "Mimi baba yangu ni wa kwenye simu." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayetaja rangi ya gauni lake. Nilirudi ndani, na wiki ile nikaanza kuifuatilia barua upya. Ilipojibiwa ilitaka niripoti mara moja. Ningesema nisubiri umalize mtihani, nafasi ingekwenda. Nikachagua. Sidai kwamba nilichagua bila kukuumiza.

Sasa nikupe habari za huku, maana kwenye simu huulizi, nami nisingependa ufike kama mgeni.

Kisiwa si kidogo kama ulivyokuwa unaniambia kwenye ramani. Kutoka kusini mpaka kaskazini ni kama kilomita 50, na kuna visiwa vingine pembeni: Chole, Juani, Jibondo. Sisi tuko Kilindoni, ndipo mjini. Minazi kila mahali, mpaka usiku upepo ukivuma nadhani ni mvua ya Tukuyu, naamka kuanua nguo. Masweta yote yako chini ya kitanda. Alfajiri ni adhana, Jumapili tunakwenda kanisani kwetu, na majirani zetu wa pande zote mbili ni Waislamu ambao hawajawahi kula kitu kitamu bila kutuletea. Nimejifunza kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Nilianza kurudisha maharage kwa namna yetu, sasa naombwa niyapike.

Watoto walikuwa wanamcheka mdogo wako anavyotamka. Wiki mbili tu. Sasa yeye ndiye anayenisahihisha mimi. Anajua bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, anajua maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu, anatazama mwezi anakwambia kesho wanawake watakwenda mbali kutafuta pweza au hawaendi. Sijui ameyajulia wapi, mimi bado nahesabu kwa vidole.

Kazini nimepata somo jipya. Kule kwetu mjamzito akichelewa kufika ni utelezi na mlima. Hapa alikuja mmoja kutoka kisiwa cha jirani, uchungu umemshika tangu magharibi, lakini maji yamekupwa, mashua imekaa mchangani, hakuna wa kuisukuma mpaka bahari irudi. Walifika kwangu saa tisa usiku. Mwanamke alikuwa amelowa mpaka kiunoni, na mume wake anatetemeka kuliko yeye. Mtoto wa kiume, kilo tatu na ushee, alilia vizuri. Nilipokuwa namfunga kitovu nilikukumbuka wewe, maana nawe ulizaliwa usiku wa mvua, na babu yako ndiye aliyenishika mkono kwenye utelezi mpaka hospitali.

Lile chipukizi la bibi nililipanda nyuma ya nyumba. Udongo huku ni mchanga, maji ukimwaga yanatoroka. Likanyauka, likawa kama kamba. Nikakata tamaa, sikumwambia bibi na wewe usimwambie. Yule bibi jirani akaniambia nilifukue, nichimbe shimo kubwa zaidi, nipange makumbi ya nazi chini na kuzunguka shina, yashike maji. Nikafanya. Jumatatu iliyopita nimeona jani jipya, limejikunja bado, jembamba kama penseli. Hilo unaweza kumwambia.

Ukimaliza mtihani Novemba, njoo. Siamuru, nakuomba. Safari yako haitakuwa kama yetu: kusi litakuwa limekwisha, kaskazi ndiyo linaanza, na wenyeji wanasema siku hizo bahari hulala. Lala Dar es Salaam kwa mjomba, usiunganishe safari. Kabla ya kutoka Mbagala piga simu kwa baba yako, yeye anauliza kwanza saa za maji, usije ukashinda Nyamisati unatazama tope. Vitu vya thamani viweke kwenye mfuko wa nailoni, ufunge mara mbili. Kaa upande wa ndani. Mimi na mdogo wako tutakuwa gatini, ameshasema atavaa lile gauni la njano ili umwone kwa mbali.

Miezi hiyo ndiyo papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni kwa wingi, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, ana madoadoa meupe mgongoni kama nyota, naye anakula vijidudu vidogo tu vya baharini, hana habari na mtu. Baba yako alimwona msimu uliopita akiwa na wavuvi. Alinisimulia, nikamwambia anyamaze, hilo atalichora mwenyewe anayejua kuchora. Na Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na watu kutoka Madagaska karne ya 19. Kuta za msikiti bado zimesimama katikati ya miti. Baba yako amekuwekea siku nzima ya kukutembeza huko, usimkatalie.

Kama baada ya hapo utataka kurudi kwa bibi kusubiri matokeo, tutakukatia tiketi. Safari hii utaulizwa.

Chumba chako ni kile cha mbele chenye dirisha la mbao. Michoro iliyopona nimeipanga juu ya kabati, juu sana, mdogo wako asiifikie. Ile ya babu nimeiweka kwenye bahasha peke yake, sikuitupa.

Mletee baba yako parachichi, ngumu ngumu, zisipondeke njiani. Na kabla hujaondoka, ile picha ya babu iliyo ukutani kwa bibi, ile ya kofia, usimwombe akupe, hatakubali na ana haki. Vuta kigoda, ukae mbele yake, uchore uso upya. Chora kwa penseli.

Mama yako