Msiondoe meza za maji kabla wa mwisho hajapita

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba tangu Alphonce Simbu atuletee dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, Septemba 2025, kila mtu mtaani amejifanya mwanariadha. Aliandika kuwa asiyeweza kumaliza kilomita 42 kwa saa nne abaki kwenye mbio za kilomita tano, awaachie wenyewe barabara. Niliisoma barua ile dukani, mteja akinisubiri nimalizie pindo la gauni lake, nikamwomba radhi nikairudia. Iliniuma, maana mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Februari 2025 nilikimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mbio kamili, kilomita 42 na mita 195, nikatumia saa 5 na dakika 52. Nina miaka 46 na kazi yangu ni fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu. Naomba nafasi nimjibu.

Nilianza Januari 2024, na kilichonianzisha ni ngazi. Kuna duka la vitambaa Kariakoo ninakochukulia bitana, liko ghorofa ya tatu. Siku hiyo nilishuka na jora moja begani, nikakumbuka nimesahau zipu, nikapanda tena. Nilisimama mara mbili kabla ya kufika juu, na kijana wa duka akaniletea kiti bila kuombwa. Miaka 20 ya kukaa kwenye cherehani ilikuwa imenifikisha hapo. Kesho yake alfajiri nikavaa raba za mwanangu nikatoka.

Nilikimbia kama watu wengi wanavyokimbia siku ya kwanza, kwa nguvu zote. Kutoka Rangi Tatu sikufika hata Zakhem. Nikapumzika, nikakimbia tena kwa nguvu zote, na hivyo hivyo kwa wiki tatu, nikiamini kwamba kuhema ndiyo dalili ya mazoezi. Wiki ya nne ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, kwanza nikikimbia, halafu nikitembea, mwisho hata nikikanyaga pedali ya cherehani. Nilikaa wiki sita bila kukimbia, na Ramadhani ikanikuta humo.

Aliyenirudisha barabarani ni mzee mmoja wa klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, mwalimu mstaafu. Wakazi wa Temeke mnazijua klabu hizi: fulana za rangi moja, ngoma mbele, nyimbo, na supu baada ya mazoezi. Nilimwamkia, akaniuliza mguu unaendeleaje, kisha akasema, "Binti yangu, nilikuona ukikimbia. Unakimbia kama unayedaiwa. Shule ya msingi ulikimbia mchakamchaka?"

"Nilikimbia, Mwalimu."

"Mlikuwa mnaimba au mlikuwa mnahema?"

"Tulikuwa tunaimba."

"Basi kimbia uimbe. Ukiona wimbo umekatika, umezidisha mwendo. Punguza, hata ikibidi utembee."

Mhariri, hayo tu ndiyo mafunzo niliyoyapata, na ndiyo yaliyonifikisha Moshi. Baadaye nilielewa sababu yake. Moyo na mapafu huzoea haraka, ndani ya wiki chache mtu anajiona ana pumzi. Mifupa na kano huhitaji miezi. Mgeni anapoipata ile pumzi anaongeza kasi, wakati miguu bado ni ya mtu wa kukaa, ndipo anapoumia na kuacha. Sisi mafundi tunajua kitambaa cha pamba hulowekwa kwanza kabla ya kukatwa. Ukikimbilia mkasi, gauni litarudi baada ya kufuliwa mara moja, limebana.

Kizazi chetu kilikua na dawa hii bila kuijua. Nikiwa darasa la tatu, mwalimu wetu wa zamu alitukimbiza mchakamchaka kila asubuhi kabla ya paredi, shule nzima, wadogo mbele wakubwa nyuma, ili mwendo uwe wa mdogo kuliko wote. Mwaka huo huo, 1989, Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York, na kwa wiki nzima tulikimbia kila mmoja akijiita Ikangaa. Lakini hata siku hizo mwalimu hakuturuhusu kumpita mtoto wa mbele. Nikikumbuka sasa naona alikuwa anajua anachofanya.

Basi nikaanza upya. Jumanne na Alhamisi dakika 40, Jumamosi safari ndefu. Natoka saa kumi na nusu alfajiri, maana saa moja na nusu duka lazima liwe wazi. Mwanangu wa pili, aliyekuwa kidato cha tatu, alinisindikiza kwa baiskeli na tochi, kwa kuwa mwanamke peke yake gizani kwenye Barabara ya Kilwa hawezi kuwaza kukimbia, anawaza mengine. Wanaume wanaotuambia "amkeni mkimbie" walifikirie hilo. Siku mwanangu alipokuwa na mitihani sikutoka. Tangu Septemba tuko wanawake saba na tunatoka pamoja.

Safari ya Jumamosi ilianza na kilomita sita. Nikawa naongeza kilomita moja au mbili, wiki ya nne napunguza mwili upumzike, halafu naendelea. Kila nilipotaka kuruka hatua niliukumbuka ule ugoko. Kwa ajili ya mlima wa Mweka, ule mwinuko ulioko kwenye njia ya mbio za Moshi, ambao kila aliyekwenda alinitishia nao, nilikuwa nateremka Mtongani hadi daraja la Mto Kizinga, napanda, nateremka tena, mara nne, mara sita. Makondakta wa daladala wakanizoea, wakawa wananipungia mkono. Januari 2025 nikafika kilomita 30, mara moja tu, nikilala mchana ule kama mtoto. Wiki tatu za mwisho nikapunguza, na hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu miguu ilishazoea kudai barabara.

Kuna mambo ambayo sikuyaona yakiandikwa popote kwa Kiswahili, nikayajua kwa maumivu. Nguo, kwa mfano. Kilomita kumi hazina neno, lakini ukifika ya 18 mshono wa kwapani unakuwa msumeno. Nilirudi siku moja damu imeloa fulana, nikakaa kwenye cherehani usiku ule ule nikaifumua yote, nikaishona upya mishono ikiwa nje, na hijabu nikaikata kutoka kitambaa chepesi cha kuvutika, bila pindo shingoni. Sasa nawashonea wenzangu, na mafuta ya mgando tunapaka kabla ya kutoka. Raba nazo: nilinunua za mtumba zinazonienea barabara, na kucha mbili zikageuka nyeusi zikang'oka, kwani mguu huvimba ukikimbia muda mrefu. Chukua zilizozidi kidogo, kidole gumba kisiguse mbele.

Sasa nifike kwenye maji, ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Novemba 2024 nilijiandikisha mbio moja ya kilomita 21 hapa Dar es Salaam, iwe kipimo kabla ya Moshi. Nililipa ada sawa na wote, nikapewa namba na fulana kama wote. Nilipokaribia kilomita ya 14 nilikuta vijana wanakunja meza. Katoni za maji zilikuwa zinapakiwa kwenye gari. Niliomba, nikaambiwa hesabu imeshafungwa. Meza iliyofuata haikuwepo kabisa, vilibaki vifuniko vya chupa barabarani. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua la Novemba mnalijua. Nyuma yangu kulikuwa na watu kama 30, wawili wazee kuliko mimi. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa amesimamishwa ili tupite ndiye aliyenipa chupa yake, imebaki nusu, nikagawana na dada niliyekuwa naye. Namwombea mpaka leo.

Wanaoongoza wanamaliza kilomita 21 kwa muda wa saa moja na dakika chache, jua halijakomaa. Sisi tunakaa barabarani saa tatu. Tunapita meza zile zile, lakini tunapita jua likiwa kali. Kwa hiyo anayehitaji maji kuliko wote ndiye anayekuta meza imeondolewa. Mpangaji wa mbio anayehesabu chupa kwa idadi ya watu bila kuhesabu saa watakazokaa barabarani amehesabu nusu.

Na kosa la pili lilikuwa langu, nalisema ili mwingine asilirudie. Nilipofika nyumbani na kiu ile nilikunywa maji matupu, jagi baada ya jagi, bila kula chochote. Jioni kichwa kikapasuka, nikatapika, nikaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, mume wangu akanipeleka zahanati. Muuguzi aliniuliza nimekunywa maji kiasi gani, akaguna. Akanieleza kuwa jasho hutoka na chumvi, na mtu aliyetoa jasho jingi akijaza maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damu hushuka, ubongo huanza kuvimba, na watu wamewahi kufa hivyo. Wa polepole tuko kwenye hatari hiyo zaidi kwa sababu tuna muda mrefu wa kunywa. Tangu siku hiyo nabeba chupa yenye chumvi na sukari kidogo, nakunywa ninaposikia kiu, wala simshindani mtu kwa vikombe.

Moshi nilianza polepole. Tuliondoka eneo la Chuo cha Ushirika, tukashika barabara ya kuja Dar, tambarare, baridi nzuri, watu wakanipita mamia kwa mamia. Nikawa naimba kwa sauti ya chini. Nusu ya kwanza ikaisha nikiwa mzima. Kisha tukaanza kupanda Mweka. Pale wengi walionipita niliwakuta wamekaa pembeni chini ya migomba, mikono magotini. Sikufurahi kuwaona vile, niliwajua, nilikuwa mmoja wao miezi 12 nyuma. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye kahawa zake na ndoo, akinimiminia maji kichwani akasema, "Pole mama, panda tu, kuna mteremko." Kilomita ya 31 wimbo ulikatika. Sukari ambayo mwili huiweka akiba kwenye misuli na ini huwa inaelekea kwisha karibu na hapo, na miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Nikatembea. Nikala tende tano, nikanywa maji yangu ya chumvi. Nilipofika mwanzo wa mteremko nikajaribu kuimba tena, nikapata ubeti mmoja, nikaanza kukimbia. Meza za chini zilikuwa bado zina maji na watu wake. Yule kijana aliyenipa kikombe cha mwisho hajui alichonifanyia.

Msomaji mwenzangu anasema barabara ni ya wenyewe. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico, John Stephen Akhwari wetu alianguka, goti likaumia vibaya, akaendelea na mguu uliofungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Nchi hii haijawahi kumwambia kwamba alikuwa anazuia barabara. Silinganishi goti langu na la Akhwari, yeye alikuwa mwanariadha hasa. Nasema tu kwamba Watanzania tunajua tangu zamani kumsubiri aliye nyuma.

Kwa hiyo waandaaji, nawaomba meza ya maji iondolewe na gari linalomfuata mkimbiaji wa mwisho, si na saa ya mkononi. Wekeni chumvi na ndizi kwenye meza za mwisho, huko ndiko zinakohitajika. Na wewe Mhariri, kila Jumatatu unatupa picha za washindi, tunazipenda. Utupe na nusu ukurasa kwa Kiswahili wa kumfundisha mtu wa kawaida namna ya kuanza, uandikwe na walimu wa riadha na madaktari, ili wanawake wa Mbagala wasijifunze kwa kung'oka kucha na kulazwa zahanati.

Ndugu yangu uliyeandika ile barua, klabu yetu inakutana kila Jumamosi saa kumi na nusu alfajiri hapa Rangi Tatu, kwenye banda la yule mama wa chapati, uliza mtu yeyote wa fulana ya kijani. Njoo na chupa ya maji. Ukiwa na kasi utatangulia, ukichoka utatukuta tunakuja nyuma, na maji tutakuwa nayo.

Fundi cherehani,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam