Risala ya wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa moyo kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mganga mkuu wa wilaya yetu, mwalimu mkuu uliyetupa ukumbi huu, walimu, wazazi wenzetu na nyie watoto wetu, habari za mchana na karibuni sana.

Mgeni rasmi, sisi ni wazazi na walezi ambao watoto wetu wana ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Tulijuana kwenye mabenchi ya kliniki ya moyo, tukapeana namba, likaja grupu la WhatsApp na ndo kikundi unachokiona leo. Mtaani watu wakisikia ugonjwa wa moyo wanawaza mzee mwenye presha au mtu mnene, wakimwona mtoto wa darasa la tano anahema kwa kutembea tu wanasema ana pumu au ni mvivu wa mchakamchaka, jamani sio uvivu, ni mgonjwa.

Ugonjwa huu unaanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, bakteria anayeitwa streptokoka, sisi tunampa maji ya chumvi na panado, koo linapoa na tunasahau. Wiki 2 au 3 baadaye kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inayopambana na yule bakteria inageuka kuushambulia mwili wenyewe, homa inapanda, leo goti linavimba kesho kiwiko, na valvu za moyo, yaani vile vimilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, zinaguswa pia. Maumivu ya viungo yanaisha yenyewe, ila valvu ikishapata kovu ndo basi, kila homa hiyo ikirudi inaharibika zaidi. Wanaopata sana ni wa miaka 5 hadi 15, yaani hawa hawa waliokaa hapa mbele.

Na walimu wetu naomba hili mlisikie vizuri sana. Kuna watoto ambao homa hii inawaingia kwenye ubongo, mkono unaanza kucheza wenyewe, kikombe kinamponyoka, mwandiko uliokuwa mzuri unakuwa kama wa chekechea, uso unajikunja anaonekana anakejeli watu. Kuna mwenzetu mtoto wake alichapwa kwa sababu ya mwandiko huo, nyumbani nako ndugu wakasema ana mashetani akapelekwa kuombewa, miezi ikapita, alipofika kwa daktari wa moyo valvu ilikuwa imeshaanza kuvujisha damu. Mwandiko ukibadilika ghafla mpelekeni hospitali kwanza.

Vipimo vyenyewe havitishi. Daktari anasikiliza kifua, valvu mbovu ina mlio wake, kisha ECG kuangalia umeme wa moyo, halafu eko, yaani ultrasound ya moyo, ambayo ndo kipimo kikubwa, mtoto anapakwa jeli kifuani na unaona kwenye skrini valvu inafunguka na kufunga, damu inayorudi nyuma inaonekana kwa rangi, haiumi hata kidogo. Tunaishukuru Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili iliyoanza mwaka 2015, kabla yake wagonjwa wengi walikuwa wanapelekwa India. Valvu iliyobana wengine wanazibuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani, nyingine mpaka kifua kifunguliwe itengenezwe au iwekwe ya chuma, na ukiwekewa ya chuma unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote na damu ipimwe mara kwa mara isiwe nzito wala nyepesi kupita kiasi. Kwa mabinti zetu hapo ndo kuna mtihani mwingine, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto akiwa tumboni, lazima waongee na daktari kabla ya kushika mimba.

Sasa mgeni rasmi tufike kwenye kilichotuleta. Kinachowalinda watoto hawa wasifike huko ni sindano ya benzathini penisilini, dawa inayozuia yule bakteria wa koo asirudi, kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka 10 au zaidi, wengine mpaka watimize miaka 40. Ni dawa ya zamani. Inauma kweli, ni nzito kama uji, nesi akichelewa kidogo inaziba sindano na mtoto anachomwa upya, tumeshuhudia mtoto anajificha chini ya kitanda siku ya kliniki ikifika. Anayejikaza akaja, halafu anaambiwa dawa hamna, au nesi anaogopa kuchoma kwa hofu ya aleji anamrudisha nyumbani, huyo mwezi ujao kumshawishi tena ni kazi kubwa mno. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, sisi tunataka tulione hilo azimio kwenye kabati la dawa la zahanati.

Kwa hiyo tunaomba benzathini isikosekane kwenye vituo vya wilaya yetu, manesi wafundishwe kuichoma pamoja na dawa ya ganzi ili isiume sana na wawe na dawa za dharura za aleji karibu, na mtoto akija na koo linalouma na homa, aangaliwe vizuri asipewe panado tu. Pia tunaomba mtaalamu wa eko aje hata mara 1 kwa mwaka apime shuleni, maana wapo wenye ugonjwa na hawajijui.

Mgeni rasmi, kadi za sindano za watoto wetu tumekuja nazo, zipo hapo mezani mbele yako. Tunaomba kabla hujaondoka uzipitie uone ni miezi gani iliyoachwa wazi na kituo gani, sisi hatutataja jina hapa. Karibu sana uzungumze nasi.