Hawakuliacha Kanisa, Baba

Leipzig, Ujerumani, Jumatatu usiku

Baba na Mama, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi mzima, mafunzo ya uuguzi yanaendelea, na baridi nimeanza kuizoea. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema Baba kwenye simu: "Wazungu walituletea Injili, sasa wao wenyewe wamemwacha Mungu." Nilinyamaza, maana sikutaka kukubishia mbele ya wageni.

Misheni iliyofika Machame mwaka 1893 ilitoka mji huu huu. Wamisionari Ovir na Segebrock, waliouawa Meru mwaka 1896, ndiyo iliyowatuma. Kwa hiyo Jumapili yangu ya kwanza nilivaa kama naenda Krismasi. Nikakuta watu kama thelathini, karibu wote wana mvi. Hakuna kwaya nne zinazosubiri zamu, hakuna mnada wa ndizi na kuku nje. Mama, nililia.

Kisha nikapangiwa kumhudumia bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee. Aliposikia mimi ni Mlutheri alinishika mkono, hakuuachia. Zamani za ukomunisti huku Ujerumani Mashariki, vijana wa miaka 14 waliwekewa sherehe ya serikali mahali pa kipaimara. Aliyeikataa aliweza kufungiwa mlango wa masomo ya juu. Yeye aliikataa. Alitaka udaktari, akaishia kushona nguo kiwandani. Wadogo zake walikubali sherehe ile, watoto wao hawakubatizwa, na wajukuu hawaijui hata Sala ya Bwana. Tarehe 30 Mei 1968 alisimama barabarani akiona kanisa la Chuo Kikuu, lililopona mabomu ya vita, likilipuliwa kwa amri ya wakubwa. Anasema vumbi lile bado analisikia kooni.

Baba, wengi wa hawa ninaopishana nao kwenye tramu hawakuliacha kanisa. Bibi na babu zao ndio walionyang'anywa.

Wapo wanaotoka kwa hiari, sikatai. Kodi ya kanisa huku Saxony, jimbo letu, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato: ukikatwa yuro 200 za kodi, 18 nyingine zinakwenda kanisani. Asiyetaka huenda ofisi ya serikali akajiandikisha kutoka. Vijana wengi hufanya hivyo wakipata mshahara wa kwanza.

Sisi tumejaa, na ninajivunia. Mwaka 1977 dunia ya Kilutheri ilikutana Dar es Salaam ikamchagua Askofu Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza, na leo KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, na Mekane Yesu ya Ethiopia ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri. Lakini Baba, unamkumbuka yule mjane jirani yetu, aliyezikwa bila mchungaji kwa sababu kadi yake ya ahadi, ya michango ya kanisa, ilikuwa tupu miaka miwili? Miaka hiyo miwili aliugua saratani. Ugomvi wa Luther mwaka 1517 ulianzia kwenye vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa fedha. Tunakariri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, halafu tunafungua daftari la bahasha kabla ya kuchimba kaburi. Hilo linaniumiza kuliko mabenchi matupu ya huku.

Wewe ndiye uliyenifundisha Katekisimo Ndogo kabla ya kipaimara changu. Ulinirudisha mara tatu kwenye maneno yale, kwamba siwezi kumwamini Yesu kwa akili wala nguvu zangu mwenyewe, ila Roho Mtakatifu ameniita. Kama imani yangu si nguvu yangu, nitamcheka vipi ambaye hakuna mtu aliyemletea wito huo?

Leo nilimsukuma bibi kwenye kiti chake hadi kanisa la Nikolai, kwenye sala za amani za saa kumi na moja jioni. Sala hizi za Jumatatu ndizo zilizotangulia maandamano ya mwaka 1989 yaliyosaidia kuuangusha utawala wa kikomunisti. Aliniomba nisali kwa lugha ya kwetu. Nikasema Baba Yetu kwa Kiswahili, yeye akifuata kwa Kijerumani. Nyuma yetu kijana mmoja aliuliza ni maneno gani hayo, na bibi akamweleza hadi taa zikazimwa.

Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Baraza likikutana, naomba ulitaje jina la yule mjane. Watoto wake bado wanaishi pale chini ya mfereji, na sidhani kama kuna aliyewapelekea pole kutoka usharikani.

Nitapiga simu Jumamosi.

Mwanenu