Kasi ya mapigano si kipimo cha ubora

Mhariri,

Siafikiani na wanaoiona Dark Souls III, mchezo wa video wa mwaka 2016, kuwa bora kuliko Dark Souls ya 2011 kwa sababu tu mapigano yake ni ya kasi zaidi. Katika mchezo wa kwanza, mhusika anayekunywa chupa ya Estus (kinywaji cha kumrejeshea afya) husimama tuli hadi amalize, hivyo kila funda ni uamuzi wa hatari. Katika ule wa tatu hunywa huku akitembea, na kujibingirisha ili kukwepa mapigo humpunguzia pumzi kidogo mno, ndiyo maana maadui nao wakapewa mapigo marefu ya mfululizo. Mchezo wa pili, wa 2014, ulifungamanisha ukwepaji na alama za uwezo ambazo mchezaji humwongezea mhusika, jambo lililowaudhi wengi (na kwa haki). Kasi ya mchezo wa tatu, inayokumbusha mchezo mwingine, Bloodborne wa 2015, inasisimua, lakini imezipunguzia ngao thamani.

Msomaji wako