Bhoke, ukija Kentucky tuanze na pai

Lexington, Kentucky

Mpendwa Bhoke,

Hongera kwa viza! Nimesoma ujumbe wako nikamwita mume wangu jikoni aje asikie. Umeniuliza huku watu wanakula nini, na kama kuna la kujifunza kwa mtu anayeoka keki za harusi kama wewe. Lipo, dada, tena si moja. Ila hutaliona kwenye mabango ya barabara kuu, maana huko ni baga na kuku wale wale wa kila jimbo la Marekani. Chakula chenyewe cha majimbo ya Kusini kimejificha kwenye mikahawa ya miji midogo, na kila kaunti ina chake ambacho jirani yake hakipiki.

Nianze na pai, maana najua ndizo zitakazokukamata. Usifikirie zile za nyama tunazonunua stendi. Za huku ni tamu, zinaokwa asubuhi hapo hapo mkahawani na kupangwa kaunta, na ukichelewa unakuta ile uliyoitaka imekwisha. Ninayotaka uionje kwanza inaitwa chess pie. Ndani yake ni siagi, sukari, mayai, kijiko cha unga wa mahindi na kijiko cha siki, basi. Utashangaa siki inatafuta nini humo, lakini bila hiyo utamu ungekushinda baada ya tonge la pili. Unga wa mahindi nao hupanda juu pai ikiwa ndani ya oveni, ukafanya ngozi nyembamba ya kahawia. Ukiigusa kwa uma inapasuka, na chini yake unakuta ulaini wa kastadi unaotikisika kidogo. Jicho lako la mwokaji litaona mara moja kwamba hapo kuna ufundi: ukiitoa mapema inamwagika, ukiisahau inakauka.

Zipo ndugu zake. Maysville, mji ulio kando ya Mto Ohio, wana transparent pie, iliyojaa siagi, sukari, mayai na krimu, na watu wa pale wanaijua tangu utoto. Kuna pai ya mtindi. Kuna pai ya siki tupu, ambayo siki inashika nafasi ya limau, kwa sababu zamani limau lilikuwa ghali au halikufika kabisa vijijini. Hiyo ndiyo sababu ninazipenda pai hizi kuliko zile za mapambo. Aliyezibuni alikuwa mama mwenye kuku, ng'ombe na gunia la unga, baridi imekaza, hana tunda hata moja ndani, na bado alikataa wanawe wamalize kula bila kitu kitamu.

Ya viazi vitamu usiikose, na uitafute kwa wapishi Wamarekani Weusi. Ni viazi vilivyopondwa na siagi, maziwa, mayai, mdalasini na kungumanga. Usikose pia kunde na bamia utakazoziona kwenye menyu: hizo asili yake ni Afrika, na zilivuka bahari enzi za utumwa. Na mtama pia! Hapa Kentucky hukamua mabua ya mtama mtamu, juisi ikachemshwa kwa saa nyingi mpaka iwe nzito na nyeusi kama asali ya nyuki wa porini, kisha wanaichanganya na siagi na kuipaka kwenye biskuti zao, ambazo ni vimkate laini vya moto. Wewe uliyekulia kwenye ugali wa mtama utaielewa ladha yake kabla hujamaliza kutafuna.

Kuna pai nyingine ya chokoleti na jozi (zile kokwa wanazoziita walnut), maarufu sana msimu wa mbio za farasi za Kentucky Derby. Jina la Derby Pie lina wenyewe: ni la familia ya Kern, waliloliandikisha kisheria, na wameshawapeleka wengi mahakamani kwa kulitumia. Ndiyo maana mikahawa mingine inauza pai ya namna hiyo kwa majina ya kubuni. Uliza tu pai ya chokoleti na jozi, utaletewa.

Sasa suala la nguruwe, maana najua msimamo wako kama Msabato safi. Hapa kuwa macho. Ganda la pai la jadi lilikandwa kwa mafuta ya nguruwe. Siku hizi wengi wanatumia siagi au mafuta ya mimea, lakini uliza. Mboga za majani, ambazo ukiziona utasema ni sukuma wiki, na maharage pia, mara nyingi huchemshwa na kipande cha nguruwe wa kuvutwa moshi. Usiulize kama kuna nyama, maana mtu anaweza kukujibu hamna akimaanisha hamna vipande. Taja nguruwe kwa jina. Wahudumu hawachukii kuulizwa. Wengine wataingia jikoni kukuulizia mpishi.

Kwa sababu hiyo nimepanga tukupeleke Owensboro, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari kuelekea magharibi. Sehemu kubwa ya Kusini choma ni nguruwe, lakini Owensboro wanachoma kondoo. Zamani walifuga kondoo kwa ajili ya sufu, na kondoo akizeeka nyama yake ni ngumu, kwa hiyo wakajifunza kuiweka juu ya moshi wa kuni za mti uitwao hickory saa nyingi huku wakiilowesha kwa mchuzi mweusi wa siki na pilipili manga. Inachambuka kwa vidole. Moonlite Bar-B-Q Inn, mkahawa ulio mikononi mwa familia ya Bosley tangu 1963, ndio unaojulikana zaidi. Wana pia burgoo, supu nzito ya kondoo, kuku, mahindi, viazi na kabichi, inayopikwa kwenye masufuria makubwa. Burgoo inabadilika kutoka jiko hadi jiko, kwa hiyo hata hiyo uulizie kabla hujachota.

Na kama utakuwepo Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na ukiona sawa kutoka siku ya Sabato, twende mbali zaidi, kwenye kijiji cha Fancy Farm. Parokia ya Mtakatifu Jerome imekuwa ikifanya sherehe hapo tangu 1880. Kondoo wanachomwa usiku kucha, na wanasiasa wa jimbo wanapanda jukwaani kushambuliana mbele ya umati unaozomea na kushangilia, kama harambee ya msimu wa uchaguzi. Utafurahi sana.

Mji wa Berea ni karibu, hata saa nzima haifiki. Hoteli ya Boone Tavern, iliyofunguliwa 1909, ni ya Chuo cha Berea, na baadhi ya wanafunzi wanafanya kazi humo. Pale wanakuletea mezani mkate wa mahindi unaoliwa kwa kijiko: unga unapikwa na maziwa kama uji mzito, unachanganywa na mayai na siagi, halafu unaokwa mpaka uumuke. Watu wa ugali sisi hatuna kisingizio cha kutoujaribu. Nataka uone jinsi wanavyoutoa ukiwa moto, kisha uniambie kama unaweza kuupika kwa dona.

Niandikie tarehe ya ndege mapema, maana kwa ajili ya Fancy Farm lazima niombe likizo kazini. Uje na nguo za joto hata kama ni kiangazi, ndani ya mikahawa viyoyozi ni baridi kweli. Na nibebee dagaa wa Musoma waliokaushwa vizuri, ila uliza kwanza kama wanaruhusiwa kuingia.

Msalimie mama na watoto wote.

Rafiki yako wa siku zote,
Neema